Wakurugenzi wa Kiwanda cha Sabuni

Kwanza niwatoe hofu wenye madaraka: nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani, na pale ilipopaswa kuwepo nimekuta tundu lililotobolewa na panya. Kwa hiyo msomaji akikutana humu na waziri anayefanana na waziri wake, asipate taabu. Mawaziri wamekuwa wakifanana tangu suti zilipobuniwa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na kiwanda cha sabuni kilichoitwa Povu Jingi, na katika kiwanda hicho alikuwamo mwanamke aliyeitwa Zamoyoni. Kazi yake ilikuwa kukata miche ya sabuni vipande vipande na kuvifunga kwenye karatasi ya bluu. Mikono yake ilikuwa misafi kuliko ya mtu yeyote nchini, na ilikuwa ikibanduka ngozi kama kitunguu, kwa sababu magadi hayajui kutofautisha uchafu na mwenye mkono. Alipanga chumba kimoja pamoja na shoga yake Mashavu, aliyekuwa akikoroga mafuta kwenye mapipa ya kiwanda hichohicho. Kitanda kilikuwa kimoja. Zamoyoni alishika zamu ya mchana, Mashavu ya usiku, na godoro lile halikupata kupoa.

Lakini kilichomkosesha raha Zamoyoni hakikuwa kitanda. Mama yake, Bi Tausi, alikuwa akiishi kwa mtoto wake wa kiume, na mke wa huyo mtoto alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa nguvu kila mara Bi Tausi aliponyoosha mkono kwenye sinia. Hakumtukana. Hakumnyima. Alivuta pumzi tu, kisha akaishusha. Bi Tausi alikonda kwa pumzi zile. Zamoyoni aliapa kupanga chumba cha pili amlete mama yake, ila kila mwezi mshahara ulimjia kama mgeni mwenye haraka: hodi, hamjambo, kwaherini.

Ndipo serikali ikakumbuka kuwa ina wafanyakazi.

*

Bunge lilikuwa limejadili kima cha chini cha mshahara kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotelea kwa mbunge mmoja wa jimbo la msituni, ambaye alidhani kima cha chini ni aina ya tumbili asiyeweza kupanda miti, na akawa anashikilia kwamba atengewe hifadhi. Alipoeleweshwa aliunga mkono hoja, ingawa kwa masikitiko.

Siku ya tangazo wafanyakazi wote waliitwa kwenye uwanja wa mpira. Wao walisimama juani, na Waziri wa Kazi na Mapumziko, Mheshimiwa Fumbwe, alisimama kivulini, chini ya turubai, feni mbili zikimpepea ili maneno yasimwivie mdomoni.

"Ndugu wafanyakazi!" alisema. "Serikali yenu imekesha kwa ajili yenu. Imekesha kwelikweli, na posho za kukesha zimekwisha kulipwa. Kuanzia mwezi ujao ni marufuku, narudia, ni marufuku, kwa mfanyakazi yeyote wa nchi hii kulipwa mshahara usiomtosha kula, kulala na kujitibu! Mwajiri atakayekaidi atakiona cha mtema kuni! Umaskini tumeupa notisi!"

Umaskini, ambao siku hiyo ulikuwa umesimama uwanjani bila kofia kama watu wengine, haukujibu kitu.

Watu walishangilia. Mashavu alizimia kwa jua, akazinduka akiwa anapiga makofi. Zamoyoni hakushangilia; alikuwa akilia kimyakimya, kwa sababu kichwani mwake tayari alikuwa ametundika pazia kwenye chumba cha pili na kumkalisha mama yake nyuma ya pazia hilo, na mbele yake sinia, na hakuna anayevuta pumzi.

*

Mwenye kiwanda, Bwana Nyangasa, alikuwa mtu mwepesi wa machozi. Kila mara aliposikia neno mshahara machozi yalimlenga, akasema kiwanda kitakufa. Alikuwa akisema hivyo kwa miaka yote, na kila mwaka kiwanda hicho mahututi kilimpeleka Ulaya yeye na mkewe, kwenye kile alichokiita safari ya kunusa. Walikwenda kunusa harufu mpya za sabuni. Walinusa wiki tano, sita, kisha wakarudi, na sabuni ikaendelea kunuka limau.

Aliposikia sheria mpya alimwita wakili wa kampuni, Bwana Shekolowa.

"Tumekwisha," Nyangasa alisema. "Kiwanda kinakufa."

Shekolowa aliisoma sheria kwa kidole, mstari hadi mstari, kisha akatabasamu. "Mzee, sheria hii inamlinda nani?"

"Mfanyakazi!" Nyangasa alilitamka neno kana kwamba anataja ugonjwa.

"Na kama huna mfanyakazi?"

"Sabuni atafunga nani?"

"Wakurugenzi," alisema Shekolowa.

Kesho yake watu wote walikusanywa uani. Bwana Nyangasa alipanda juu ya pipa, machozi yakimtoka, safari hii ya furaha.

"Ndugu zangu," alisema, "serikali inataka muwe wafanyakazi wanaolipwa vizuri. Mimi nawapenda zaidi ya serikali. Sitaki muwe wafanyakazi kabisa! Kuanzia leo, katika Povu Jingi, kila mmoja wenu ni mkurugenzi."

Zamoyoni akawa Mkurugenzi wa Ufungaji. Mashavu akawa Mkurugenzi wa Ukorogaji. Mzee aliyekuwa akizoa majivu akawa Mkurugenzi wa Mambo ya Majivu, na alipouliza kama bado atayazoa akaambiwa atayasimamia kwa karibu, kwa koleo.

"Na ule mshahara wa sheria, bosi?" Zamoyoni aliuliza.

"Mshahara ni wa mfanyakazi, Mheshimiwa Mkurugenzi," alijibu Nyangasa kwa upole. "Mkurugenzi hupewa posho ya heshima."

Posho ya heshima ilikuwa sawasawa na mshahara wa zamani, ukitoa bei ya tai. Tai zilikuwa za lazima, na zilikuwa zikiuzwa na mke wa Bwana Nyangasa.

*

Cheo ni kitu cha ajabu: hakijazi chungu, lakini kinasikika mbali. Jioni hiyohiyo mwenye nyumba alikuja kumpongeza Zamoyoni, akaitazama tai, akapandisha kodi. "Mkurugenzi hawezi kukaa kwenye chumba cha bei ya watu," alieleza. "Utaniaibisha." Majirani waliokuwa wakiandaa harusi walimhamisha kutoka kwa wachangiaji wa kawaida wakampeleka kwenye meza ya wageni wa heshima, ambako mchango wake uliongezeka mara nne. Alipokwenda zahanati kutafuta dawa ya mikono, muuguzi alimwambia kwa adabu kwamba dawa ya bure ni ya maskini, na kwamba wakurugenzi hutibiwa hospitali ile kubwa yenye chemchemi.

Kibaya zaidi, habari zilimfikia Bi Tausi. Alipoambiwa binti yake ni mkurugenzi hakuuliza wa nini. Alisimama pale pale, mkono ukiwa kwenye sinia, akavuta pumzi moja ndefu kupita zote alizowahi kuvuta mkwe wake, akaishusha usoni mwa mkwe, akafunga furushi lake na kuondoka.

Zamoyoni alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa Mashavu aliyelala fofofo.

"Mwanangu," alisema Bi Tausi, "huyu mtumishi wako analala mchana?"

"Si mtumishi, mama. Ni mkurugenzi mwenzangu."

"Na nyumba yako iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Bi Tausi alikizungushia macho chumba kile, jambo lililokwisha upesi. Hakulalamika. Alitandika mkeka kati ya kitanda na jiko, akajilaza, na kwa sauti ya mtu anayejifariji akasema, "Afadhali. Hapa kila mtu anapumua kidogokidogo, maana hewa yenyewe haitoshi."

Zamoyoni alicheka mpaka akatoka nje kwenda kulia.

*

Mwezi uliofuata mkaguzi wa wizara, Bwana Pazi, alifika Povu Jingi kuhakikisha sheria inafuatwa.

"Wafanyakazi wako wako wapi?" alimuuliza Nyangasa, huku mbele yake watu wakikoroga, wakikata, wakibeba, jasho likidondokea kwenye tai.

"Sina hata mmoja. Hawa wote ni wakurugenzi."

Bwana Pazi alikuwa mkaguzi makini. Alizawadiwa katoni mbili za sabuni, akazikagua, akaridhika. Ila alitoa angalizo. "Mtu mwenye husuda anaweza kusema wakurugenzi hawa ni wa mdomoni. Waandikisheni kabisa kwa msajili. Kila mmoja awe na kura yake kikaoni, sawa na yako. Hapo hata malaika akija hatapata pa kushika."

"Kura?" Nyangasa alisita.

"Mzee, kura bila kikao ni kama kijiko bila uji," alisema Shekolowa. "Na kikao unaitisha wewe. Usipokiitisha, basi."

Wakaandikishwa.

Hila haina hakimiliki. Muda si mrefu kiwanda cha magodoro kikawa na wakurugenzi watupu, na viwanda vya biskuti, na mashamba ya katani, ambako wakurugenzi walikuwa wakikata mkonge tangu alfajiri. Mahoteli yakawa na marais wa vyombo. Nchi nzima ikabaki haina mfanyakazi hata wa dawa.

Waziri Fumbwe aliita waandishi wa habari. "Tumefanya utafiti," alisema, "na nina furaha kuwatangazia kuwa leo hii hakuna mfanyakazi hata mmoja nchini anayelipwa chini ya kima cha chini." Ilikuwa kweli tupu. Mataifa rafiki yalimpa nishani, na wizara ikanunua magari mapya ya kufuatilia mafanikio.

*

Sasa, Bwana Nyangasa alitamani bwawa la kuogelea. Mkewe aliona moja kwenye safari ya kunusa na akalipenda. Nyangasa alikwenda benki kukopa kwa jina la kampuni, kama alivyokuwa akifanya mambo yake yote, na meneja wa benki, mtu asiyejua utani, akamwambia mkopo wa kampuni yenye wakurugenzi wengi namna ile lazima upitishwe na kikao chao. Meneja mwenyewe angehudhuria kushuhudia.

Nyangasa hakuona tatizo. Watu wake walikuwa wamezoea kuitikia. Aliagiza chai, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda aliagiza sambusa.

Asubuhi ya kikao Zamoyoni alikuwa na barua ya mwenye nyumba mkobani: alipe kodi mpya au ahame. Mama yake alimfunga tai. Alikuwa amejifunza kuifunga vizuri.

"Sijui hata nikae wapi kwenye kikao, mama," alisema Zamoyoni. "Mimi mkurugenzi wa karatasi za bluu."

"Kiti wamekupa wao," alijibu Bi Tausi. "Kalia mpaka kilie."

Kikao kilianza vizuri. Bwana Nyangasa, mwenyekiti, alieleza kuwa kampuni inahitaji bwawa kwa ajili ya kupima povu. Kabla hajaomba mikono, Zamoyoni alisimama.

"Bwana Mwenyekiti, mimi sina neno na bwawa. Nina ombi moja. Naomba nishushwe cheo. Nataka kuwa mfanyakazi."

Mzee wa majivu akasema, "Hata mimi." Mashavu akasema, "Hata mimi," na mara chumba kizima kikawa kinaomba kushushwa cheo, watu wakipandishiana sauti kama mnadani.

Meneja wa benki aliacha sambusa yake. Nyangasa aliona hatari, machozi yakamlenga, na machozi yakaleta hotuba.

"Ndugu zangu, hamjui mnachokitamani!" alilia. "Lakini nawaelewa. Mfanyakazi ana raha! Anakata sabuni yake, anapokea chake, analala. Nani anamsumbua? Mimi je? Nalala mimi? Nabeba kiwanda hiki kichwani usiku na mchana! Wallahi, nawaambia kutoka moyoni, laiti mimi ningekuwa mfanyakazi! Hata leo! Hata sasa hivi!"

Alijipangusa macho. Hotuba yake ilikuwa imemgusa mwenyewe.

Zamoyoni alikuwa bado amesimama. Baadaye aliniapia kwamba hakuwa amepanga kitu. Alimtazama tu mtu mzima analia, na akamwonea huruma.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "napendekeza ombi lako likubaliwe."

"Ombi gani?"

"La kuwa mfanyakazi."

"Naunga mkono!" Mashavu aliruka na kiti chake.

"Hilo haliwezekani!" Nyangasa alimgeukia wakili. "Shekolowa, waambie!"

Shekolowa alipitisha kidole chake kwenye karatasi, mstari hadi mstari. Mara hii hakutabasamu. "Kila mkurugenzi ana kura moja," alisema taratibu. "Kikao kimeitishwa na mwenyekiti mwenyewe. Na pendekezo limeungwa mkono."

"Wewe ni wakili wangu!"

"Mimi ni wakili wa kampuni, mzee," alisema Shekolowa, akasogeza kiti chake kidogo kuelekea upande wenye watu wengi.

Mikono ikanyanyuliwa. Iliyobaki chini ilikuwa miwili, yote ya Bwana Nyangasa.

*

Nyangasa aliita polisi, kama mtu yeyote mwenye mali angefanya. Kamanda alifika na vijana wake na virungu vyao.

"Wakurugenzi ni kina nani hapa?" aliuliza.

Watu wote wenye tai walinyoosha mikono.

"Na huyu anayepiga kelele?"

"Ni mfanyakazi," alisema Shekolowa, kwa masikitiko ya kitaaluma.

Kamanda alikunja uso. Kazini kwake hakuwahi kuona mgogoro ulio rahisi hivi. "Mfanyakazi unawapigia kelele wakurugenzi?" alimwambia Nyangasa. "Huoni haya? Rudi kazini kabla sijabadilisha mawazo." Kisha akawapigia saluti waheshimiwa, mmoja mmoja, akaondoka.

Nyumba kubwa ya Nyangasa ilikuwa imeandikwa jina la kampuni, na gari vilevile, na hata mbwa, maana kwa miaka mingi alikuwa akiviandika hivyo ili asivilipie kodi. Wakurugenzi, ambao hawakuwa watu wabaya, walimwachia mbwa. Mkewe alikwenda kwa ndugu zake kunusa huko. Nyangasa mwenyewe akapanga chumba nyuma ya kiwanda.

Zamoyoni alichaguliwa mwenyekiti. Usingizi ulimpaa. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba kiwanda kikilipa mshahara wa sheria kitakufa, na sasa kikifa kingefia mikononi mwake. Walifuta safari ya kunusa. Walifuta chakula cha jioni cha kukaribisha safari ya kunusa. Walinunua glavu. Kisha, huku Zamoyoni akiwa amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano, walimlipa kila mtu kile ambacho waziri alikuwa amekitangaza uwanjani, na wakasubiri kishindo.

Kishindo hakikutokea. Moshi uliendelea kupanda, sabuni ikaendelea kunuka limau, na bati lililokuwa likivuja juu ya mapipa likabadilishwa. Mashavu alisimama uani, kichwa juu, akisikiliza kama mtu anayesubiri nyumba ianguke.

"Shoga," alisema hatimaye, "sasa ile miaka yote tulikuwa tunaogopa nini?"

Zamoyoni alikwenda kupanga chumba cha pili. Bi Tausi alikataa pazia. Alisema anataka kuona anayeingia.

*

Wizara ilipata habari kuwa Povu Jingi kuna mfanyakazi, na Waziri Fumbwe hakuweza kujizuia. Nchi nzima ilikuwa na sheria nzuri na haikuwa na mtu wa kumwonyesha. Alifika na ngoma, kamera na cheti chenye fremu.

Bwana Nyangasa alitolewa kwenye meza ya kukatia miche. Alikuwa amepungua, na vidole vilikuwa vyekundu licha ya glavu.

"Ndugu mfanyakazi!" Waziri alimshika bega. "Waeleze wananchi jinsi kima cha chini kilivyobadilisha maisha yako."

"Hakitoshi," alisema Nyangasa.

Ngoma zilinyamaza.

"Nikilipa chumba, nikila, nikinunua mafuta ya taa, kinaisha. Juzi nilikuwa na homa, nikaja kazini nayo." Machozi yalikuwa yakimtoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeyatilia shaka. "Mheshimiwa, mtu anaishije hivi?"

"Punguza anasa," alisema Waziri upesi. "Panda mchicha."

"Wapi?"

Waziri alitazama saa yake. Cheti kikaachwa juu ya pipa.

Siku hiyo mwenyekiti aliitisha kikao. Mashavu alitaka wamwache Nyangasa aonje kwanza, hata mwaka. "Sisi tulionja mingapi?" aliuliza, na wengi walikubaliana naye.

"Tuliionja," alisema Zamoyoni. "Kuna aliyeipenda? Ameuliza mtu anaishije hivi. Mimi niliuliza hivyo hivyo, na huyo huyo akaniuzia tai. Sitaki kumuuzia mtu tai."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mikono ilinyanyuka, mingine kwa uvivu, na mshahara wa mfanyakazi wa Povu Jingi ukapandishwa juu ya kima cha sheria, na wa kila aliyekuwemo ukapandishwa pamoja nao. Nyangasa akaongezewa na jukumu la kufungua geti asubuhi.

Habari za namna hiyo hazihitaji gazeti. Wiki ile ile, asubuhi moja, Nyangasa alivuta komeo akakuta watu wamejaa njia nzima mpaka kwenye soko. Wanaume na wanawake, wengine wamebeba majembe, wengine ndoo, na shingoni kila mmoja tai, nyingine zimefifia kwa jasho.

"Wewe ni nani?" alimuuliza mama aliyekuwa mbele.

"Mkurugenzi Mkuu wa Maji."

"Maji yapi?"

"Ya kuchota. Kiwanda cha magodoro."

"Na hapa umefuata cheo gani?"

Yule mama aliivua tai yake kupitia kichwani kama mtu anayevua kamba, akaikunja. "Cheo ninacho, kaka. Nimefuata kazi."

Bwana Nyangasa alimtazama mikono. Kisha akafungua geti pande zote mbili, akageuka kuelekea ofisini, na kuita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mapipa:

"Dada Zamoyoni! Njoo! Wenzangu wamekuja!"